Saa ya Ziwa, Saa ya Barabara

Nyalukemba, Bukavu
Tarehe 4 Machi 2024

Kwa Docteur Nathanaël,

Sitatoka. Naanza na hilo ili usilitafute chini ya ukurasa.

Mimi ni Asumini Abdulmajid, dada ya Tambwe, yule fundi mwashi wa kitanda cha tisa. Alianguka kutoka ghorofa ya tatu mwezi wa kumi, uti wa mgongo ukavunjika, na tangu siku hiyo hasikii kitu kuanzia kitovu kwenda chini. Katika utafiti wako yeye ni namba 17. Ulikaa karibu naye siku mbili ukamuuliza maswali arobaini na sita. Mimi uliniomba kitu kimoja: nikuletee kiti.

Leo asubuhi wamebandika karatasi kwenye mlango wa chumba chetu. Inasema kuanzia tarehe 11 sisi garde-malade, yaani ndugu tunaokaa na kulala hapa na wagonjwa wetu, tutaingia mara mbili tu kwa siku, saa nzima kila mara, kama wageni. Sababu wameandika ni ripoti yako. Zamani, kati ya wagonjwa thelathini wa uti wa mgongo, kumi na tisa walipata vidonda vya kulalia. Mwaka jana, kati ya thelathini na mmoja, ni wanne tu. Ripoti inasema ni kwa sababu ya magodoro mapya, na kwa sababu wauguzi wanawageuza wagonjwa kila baada ya saa mbili. Kwa hiyo sisi tunajaza nafasi bure.

Docteur, tangu mwezi wa kumi sijaona muuguzi akimgeuza Tambwe hata mara moja. Siwasemi vibaya. Wako wawili kwa watu arobaini na wanane. Wanaogeuza ni sisi. Aliyetupangia kazi ni Maman Colombe, ambaye mume wake ana miezi kumi na minne hapa. Kabla yake kila familia ilimgeuza mtu wake ilipokumbuka. Yeye alianzisha utaratibu mwezi wa kwanza mwaka jana, mwezi uleule magodoro yalipofika. Wewe uliyaona magodoro.

Mtu asiyesikia mwili wake hawezi kuita. Ngozi inakufa chini yake na yeye anapiga hadithi. Mwandikie mkurugenzi aondoe karatasi hiyo.

Barua hii inakuja Kinshasa na abiria wa ndege ya Kavumu. Sikuandika kwenye simu kwa sababu ujumbe wa simu watu huujibu kwa kidole gumba.

Asumini Abdulmajid

*

Kinshasa, tarehe 15 Machi 2024

Maman Asumini mpendwa,

Barua yako imenifikia jana. Namkumbuka Tambwe vizuri, alinichekesha sana. Nakumbuka pia kiti, na nakushukuru.

Naelewa uchungu wa familia. Lakini naomba uelewe na upande wangu. Kwa kila mgonjwa nina fishi ya kumgeuza, yaani karatasi ya kumbukumbu ya zamu: kila siku alama kumi na mbili, kila alama na saa yake, upande aliolazwa, na sahihi ya muuguzi. Nimesoma fishi za wagonjwa thelathini na mmoja. Hakuna nafasi tupu hata moja. Wewe unaniambia jambo uliloliona kwenye kitanda kimoja. Mimi nina mwaka mzima wa karatasi.

Karatasi ya mlangoni si mimi niliyeiandika. Niliandika tu kwamba chumba chenye vitanda kumi na sita na watu zaidi ya hamsini si chumba cha matibabu. Ulikuwepo, ulijionea: majiko ya makaa kwenye korido, watoto chini ya vitanda, sahani za fufu juu ya meza ya dawa. Hayo nayo ni hatari kwa mtu mwenye mpira wa mkojo.

Sisemi kwamba nyinyi hamkusaidia. Nasema kwamba utafiti unapima kile kilichoandikwa. Kama kuna ushahidi mwingine, niletee. Nitausoma bila upendeleo.

Msalimie Tambwe. Mwambie aendelee na mazoezi ya mikono.

Dr Nathanaël

*

Bukavu, tarehe 27 Machi 2024

Docteur,

Unataka ushahidi. Nakuletea habari, utachagua mwenyewe jina la kuziita.

Tarehe 11 walituondoa. Sentinelle Willy, mlinzi wa hospitali, alisimama mlangoni na fimbo, mtu mzima, ana aibu kama bwana harusi. Tulikaa nje kwenye ngazi siku tatu. Siku ya nne Maman Colombe akaona jambo ambalo mkurugenzi hakuliona: karatasi inawakataza garde-malade, haikatazi watu wa sala. Vikundi vya sala vinaingia hospitalini saa yoyote na hakuna anayethubutu kuwazuia. Basi tumekuwa kikundi cha sala. Tuko kumi na wanne, tumevaa kitenge kimoja, mimi ndiye niliyekitoa dukani kwetu. Tunaingia kila baada ya saa mbili.

Willy akaniangalia mimi na mtandio wangu.

"Maman Asumini, na weye umeokoka?"

"Leo tu, mpaka saa kumi."

"Na kesho?"

"Kesho utaniuliza tena."

Wenzangu wanaimba, mimi nafunga mdomo, mikono yangu inafanya kazi. Wawili kwa kila kitanda, mmoja mabegani, mmoja kiunoni. Tunafanya kama zamani. Kuna saa ya ziwa, saa ya barabara na saa ya dari. Ikiwa ni saa ya ziwa, wote kumi na sita wanalazwa nyuso zikiangalia dirisha la ziwa. Saa ya barabara, wote wanaangalia mlango. Ndivyo Colombe alivyopanga, ili anayeingia ajue kwa kutazama mara moja tu ni nani aliyesahauliwa. Wewe mwenyewe uliingia siku moja na kamera yako ukasema, "Wagonjwa wangu wanapenda mandhari." Tulicheka, kwa heshima.

Lakini siku zile tatu za ngazini zilitosha, na kwa sala hatupati zaidi ya mara sita kwa siku, kwa sababu usiku hakuna kikundi kinachoingia. Tambwe ana kidonda juu ya mfupa wa makalio. Mara ya kwanza kilikuwa doa jekundu. Jana kilikuwa na upana wa sentimita nne na kimefanya shimo. Yeye hakujua. Mimi nilijua kwa harufu. Jacques wa kitanda cha kumi, mkulima wa Nyantende, ana viwili. Mke wake Charlène amejifungua juzi, hawezi kuja, tulikuwa tunamgeuza sisi.

Unasema utafiti unapima kilichoandikwa. Basi nimeandika. Pima.

Asumini

*

Bukavu, hospitalini, pavilion ya tatu
Tarehe 9 Aprili 2024

Docteur Nathanaël,

Umeniuliza kwa simu, mimi muuguzi mkuu, kama fishi za kugeuza zilijazwa saa ileile au baadaye. Nilikuambia kwamba simu haisikiki. Ilikuwa inasikika. Nilitaka kukujibu kwa maandishi, na sahihi yangu chini.

Zilijazwa asubuhi. Zote kumi na mbili, kwa kalamu moja, kabla ya kukabidhi zamu. Kushoto, kulia, chali. Kushoto, kulia, chali. Kwa wote.

Nitakukumbusha na upande wako. Mwezi wa pili mwaka jana tulikupa fishi zenye nafasi tupu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ulizirudisha. Ulikuwa umezungushia nafasi tupu duara jekundu, na pembeni umeandika, "Kukamilisha." Hukuandika "kugeuza". Uliandika "kukamilisha". Tulikamilisha.

Fanya hesabu, wewe ni mtu wa hesabu. Wagonjwa kumi na sita wa uti wa mgongo, mara kumi na mbili kwa siku, ni mara mia moja tisini na mbili. Kila mara inataka watu wawili. Tuko wawili, na kuna wengine thelathini na wawili vyumba vya pili wenye serum ya mishipani, vidonda vya kufunga na homa. Ulikuwa daktari wa hapa miaka mitatu. Ulidhani ni nani aliyekuwa anafanya?

Nilijua ni akina mama. Sote tulijua. Kazi yao haikuwa na mstari kwenye fishi yako, na mimi sikudai mstari. Hilo ni langu na ninalibeba.

Siombi msamaha kwako. Kama nitaomba, nitaomba pale kitandani. Pia ujue kwamba baada ya Pasaka mkurugenzi amevikataza vikundi vya sala.

Gisèle, muuguzi mkuu

*

Kinshasa, tarehe 20 Aprili 2024

Maman Asumini,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na mstari mmoja umeninyima raha: ule wa ziwa na barabara.

Katika utafiti nilipiga picha za chumba kizima, mara mbili kwa wiki, saa imeandikwa juu ya kila picha. Ninazo mia moja na nne. Nilizipiga kwa ajili ya magodoro. Wiki hii nimezitazama tena, safari hii nikitazama watu.

Vitanda vimepangwa safu mbili, vichwa kwenye kuta zinazotazamana. Kwa hiyo wote wakiangalia ziwa, safu moja inalalia ubavu wa kulia na safu ya pili ubavu wa kushoto. Ni lazima iwe hivyo. Katika picha ndivyo ilivyo. Lakini fishi za saa ileile zinasema wote kumi na sita wamelalia kushoto. Nimelinganisha picha zote. Fishi haziwezi kuwa za kweli, na mimi ndiye niliyesimama kati ya safu hizo mbili na kamera, nikafanya mzaha.

Umesema kweli. Naandika hivyo wazi.

Sasa nakuomba jambo. Natetea tasnifu yangu tarehe 14 Juni. Profesa wangu anashauri kwamba kwa sasa niongeze sentensi moja kwenye sehemu ya mapungufu: kwamba mchango wa familia haukupimwa. Baada ya utetezi nitakuwa na uzito zaidi. Barua ya daktari bingwa kwa mkurugenzi si sawa na barua ya mwanafunzi. Ni wiki nane tu. Naomba mvumilie, na unitumie vipimo vya kidonda cha Tambwe kila wiki, nitamshauri daktari wa zamu kuhusu dawa.

Wako kwa heshima,
Dr Nathanaël

*

Bukavu, kitanda cha tisa
Tarehe 6 Mei 2024

Docteur,

Nimesikia mnaandikiana juu ya makalio yangu. Kwa kuwa ni yangu, na mimi niongee.

Mikono yangu haina neno, kwa hiyo maandishi haya ni yangu, si ya Asumini. Yeye angekuandikia kwa adabu.

Wiki nane umeziomba. Jacques amekaa wiki sita. Amekufa tarehe 22 Aprili, kitanda cha kumi, mkono mmoja kutoka kwangu. Vidonda vilifika kwenye mfupa, homa ikapanda, siku nne hakunitambua. Kabla ya hapo tulikuwa tunabishana kuhusu mbegu za maharagwe, yeye anasema za Mudaka hazifai, mimi sijui hata maharagwe yanapandwaje, nambishia tu ili apate hasira aamke. Walimzika Nyantende. Charlène alimbeba mtoto mgongoni kaburini. Katika karatasi zako Jacques ni namba 24. Nimeuliza: kwenye ripoti yako yeye ni kati ya wale ishirini na saba wasio na kidonda. Anahesabiwa kwamba alifaulu.

Kidonda changu ni sentimita saba. Ulitaka vipimo, hivyo hapo.

Sasa sikia. Siku ile ulinipa fomu ya ridhaa, kurasa tatu, ukanisomea mwenyewe kwa sauti nzuri. Kipengele cha tisa kinasema: "Mshiriki anaweza kujiondoa wakati wowote, bila kutoa sababu, na taarifa zake hazitatumika." Nilikuuliza, "Hata kesho?" Ukasema, "Hata kesho, Tambwe." Asumini ameitunza fomu hiyo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na picha za mgongo wangu.

Najiondoa.

Si mimi peke yangu. Maman Colombe alichukua pikipiki akawatafuta waliokwisha kwenda nyumbani. Amefika Mudaka, amefika Nyantende, amepanda mpaka kwa mtu mmoja ambaye njia yake pikipiki haifiki. Kila alipofika aliuliza swali moja tu: "Nani alikuwa anakugeuza?" Chini ya karatasi hii kuna majina kumi na tisa, wengine sahihi, wengine dole. Jina la ishirini ni Charlène, kwa niaba ya Jacques. Mwanasheria wako anaweza kusema marehemu hawezi kujiondoa. Aje amwambie Charlène uso kwa uso.

Ulikuwa na watu thelathini na mmoja. Toa ishirini. Nenda ukatetee kumi na mmoja.

Fomu inasema hatuhitaji kutoa sababu. Tunatoa: umetuandika tumelala tulivu kwenye godoro zuri, na kwa maandishi hayo wamewafukuza watu waliotuweka hai. Ukiandika ilivyokuwa, tutarudi, wote. Usipoandika, tafuta migongo mingine.

Usijibu haraka. Najua una kazi.

Tambwe, zamani namba 17

*

Kinshasa, tarehe 29 Mei 2024

Kwa Tambwe na Maman Asumini,

Nakaa nikifuta mwanzo wa barua hii. Nitaandika yaliyofanyika tu.

Tarehe 16 nilimwambia profesa kwamba siwezi kutetea. Alisema nimeshinikizwa na wagonjwa. Nikasema ndiyo. Akasema hakuna kamati itakayonielewa, na kwamba nitasubiri mwaka mzima. Nimesaini karatasi ya kuahirisha.

Tarehe 20 nilimwandikia mkurugenzi. Nakala iko pamoja na barua hii, muisome, kama kuna neno la uongo nirudishieni. Nimeandika kwamba fishi hazikuwa za kweli, kwamba kosa la kwanza ni langu kwa sababu nilidai karatasi zilizojaa, na kwamba idadi ile ya wanne kati ya thelathini na mmoja ni kazi ya ndugu wa wagonjwa. Nimeandika pia jina la Jacques na tarehe yake. Nimesema ripoti yangu isitumiwe tena kwa uamuzi wowote.

Amejibu kwa mistari mitano. Anasema amepokea. Anasema karatasi ya mlangoni itabaki "hadi utafiti mwingine utakapoonyesha vinginevyo". Yaani aliiamini ripoti yangu ilipowatoa, haiamini inapowarudisha.

Kwa hiyo narudi Bukavu tarehe 2 Julai kuufanya huo mwingine. Safari hii wanaochunguzwa si wagonjwa peke yao. Nahitaji ridhaa ya garde-malade, kila mmoja kwa jina lake, na nahitaji mtu anifundishe saa ya ziwa na saa ya barabara kama anavyofundishwa anayeingia chumbani mara ya kwanza. Fomu mpya iko ndani ya bahasha. Maman Asumini, naomba uwe wa kwanza kuisoma.

Tambwe, sikuwa na haki ya zile wiki nane.

Nathanaël

*

Bukavu, tarehe 12 Juni 2024

Docteur,

Barua yako kwa mkurugenzi nimeisoma kwa sauti mbele ya wote, vitanda kumi na sita. Hatukuona neno la uongo. Maman Colombe alisema umechelewa. Tambwe alisema andika kwamba amekubali, halafu akaniambia nisiandike kwamba alifurahi.

Kidonda chake ni sentimita tano na nusu, kinafunga kutoka chini, nyama ni nyekundu safi. Homa haijarudi. Haikufunga kwa barua yako, nikuambie ukweli. Walipokataza sala tulikuwa tunaingia wawili wawili kwa kujificha; tangu tarehe 25 Mei tumeacha kujificha. Tulifika mlangoni wote kumi na wanne saa nne asubuhi, bila kitenge cha sala, na mito yetu kichwani. Willy akasema, "Bamama, karatasi inasema saa saba."

Colombe akamjibu, "Karatasi inajua kugeuza mutu? Iambie ije itusaidie kubeba."

Maman Gisèle alikuwa ndani. Alitoka, akasimama katikati, nikadhani atatufukuza. Alikuwa na fishi mpya mkononi. Akaanza kutuuliza majina, mmoja mmoja, anaandika. Willy akageukia barabara akasema, "Miye sijaona mutu." Tukapita. Mkurugenzi amepita mara tatu tangu siku hiyo. Anasoma karatasi yake mlangoni, anatusikia ndani, anaendelea na safari yake. Hajaiondoa. Na sisi hatujaondoka.

Sasa fomu yako. Nimeisoma yote, nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, naona ndiyo rangi unayoipenda. Ukurasa wa kwanza umeandika "jina la garde-malade" na umeacha mstari mmoja. Kwa Tambwe tuko sita. Kwa Jacques tulikuwa tisa na hakuna aliyekuwa ndugu yake. Weka mistari kumi. Ukurasa wa pili unauliza kama tumesoma. Futa, au waulize na madaktari kama wamewahi kugeuza. Ukurasa wa tatu, kipengele cha kujiondoa wakati wowote: hicho usikiguse hata nukta.

Ukikubali hayo, njoo. Usilete kiti, wala usiombe. Utasimama kiunoni mwa kitanda cha tisa, Colombe atakuwa mabegani, na atakuhesabia mpaka tatu.

Asumini Abdulmajid